Shajara ya mradi: nani anakula intaneti ya nyumba yetu?

Nyumba iko Tabata, Dar es Salaam. Upande mkubwa anakaa mama mwenye nyumba, uani kuna vyumba vinne vya wapangaji, na mbele barabarani kuna fremu mbili: saluni na duka la vyakula. Laini ni moja tu, faiba ya Mbps 20 kwa TSh 70,000 kwa mwezi, kila mlango unachanga 10,000. Ruta nilikabidhiwa mimi wa chumba cha pili, kwa sifa moja kubwa: siku fundi wa faiba alipokuja, ndiye niliyekuwa nyumbani.

Tangu Novemba, ikifika saa moja jioni intaneti inakufa. Video zinazunguka, simu za WhatsApp zinakatika, na lawama zote zinakuja mlangoni kwangu. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye nyumba ya aina hii aweze kufuata bila kununua visivyohitajika.

Jumamosi, 11 Januari 2025: kuhesabu vichwa

Kabla ya kumshuku mtu, jua kwanza nani yumo. Ukurasa wa ruta ya kampuni (192.168.1.1) una orodha ya vifaa, lakini orodha hiyo inadanganya. Inaonyesha kila kifaa kilichopewa anwani, hata kama mwenyewe kaondoka asubuhi. Nikatumia laptopu na programu ya nmap, inayobisha hodi na kuhesabu wanaoitika sasa hivi:

`sudo nmap -sn 192.168.1.0/24`

Saa nane usiku waliitika 14. Saa mbili usiku, 41. Nikapita mlango kwa mlango kuuliza kila mtu ana simu ngapi, TV ngapi, laptopu ngapi. Jumla ya nyumba nzima ni 23. Hata kama zote zilikuwa hewani, wageni hawapungui 18.

Nikajaribu kuwatambua kwa anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa kwenye mtandao. Anwani hiyo ina tarakimu na herufi 12, na sita za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Kwa simu za siku hizi hesabu hiyo haifui dafu. Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilianza kuificha anwani halisi na kuweka ya kubuni kwa kila mtandao. Utaijua kwa alama ya pili kutoka kushoto: ikiwa 2, 6, A au E, hiyo ni barakoa. Karibu simu zote kwenye orodha yangu zilikuwa na barakoa. Majina nayo hayasaidii. Ukiona TECNO-SPARK-10 nyingi kwenye orodha moja, ya nani ni ipi?

Jumapili, 19 Januari: kufunga milango iliyo wazi

Ya kawaida nayapitia haraka. Nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe ilikuwa ileile ya kwenye lebo chini ya kifaa, nimeibadili. WPS nimeizima, na wewe izime leo. Ni ile njia ya kujiunga kwa kitufe au kwa PIN ya tarakimu nane. Mwaka 2011 iligundulika kwamba ruta huikagua PIN hiyo vipande viwili, kwa hiyo badala ya mamilioni ya majaribio yanatosha kama 11,000 tu.

Nywila ya waifai ilikuwa namba ya simu ya mama mwenye nyumba. Dar nzima ina mtindo huu, kwa hiyo tupige hesabu. Namba zetu zinaanza na 06 au 07, zikibaki tarakimu nane. Hiyo ni milioni 200 kwa wingi wake wote. Mtu akishanasa ile salamu ya simu na ruta wakati simu inajiunga, anaenda kubahatisha nyumbani kwake bila kukusogelea tena. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inajaribu laki kadhaa kwa sekunde. Kwa laki tatu, namba zote zinaisha ndani ya dakika 11 hivi. Na hapo namba yenyewe imebandikwa getini kwenye tangazo la vyumba vya kupanga.

Nikaweka nywila ya maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kufungua kamusi ovyo. Usiku ule orodha ikashuka, wakabaki watu wa nyumbani. Kabla wiki haijaisha, ikapanda tena kupita 30.

Hilo lilinipa jibu la kwanza la maana. Maneno manne ya namna ile hayabahatishwi kwa siku tano. Hakuna anayevunja, kuna anayegawa. Na kugawa siku hizi hakuhitaji hata kuijua nywila. Android inatoa msimbo wa QR wa mtandao uliojiunga nao, na ndani ya msimbo huo nywila imeandikwa wazi, haijafichwa. iPhone tangu iOS 16 inakuonyesha nywila yenyewe ukiigusa.

Uani, hukumu ilikuwa imeshatoka. Kijana wa chumba cha nne anasoma IT chuoni, basi ni yeye. "Huyo ni haka, muulizeni huyo." Mama mwenye nyumba alikuwa ameanza kuzungumzia notisi.

Jumapili, 2 Februari: orodha za MAC, na kwa nini nimeziacha

Ushauri unaopewa kila mahali ni kuzuia vifaa usivyovijua. Nilianza kwa kuwafungia wageni mmoja mmoja. Wakarudi. Kwenye mipangilio ya Android, ndani ya mtandao husika, kuna chaguo la kutumia anwani halisi ya simu badala ya ile ya kubuni. Ukigeuza hapo, kwa ruta wewe ni mtu mpya kabisa.

Nikageuza upande: wanaingia walioorodheshwa tu. Nikazunguka na daftari, nikaandika anwani ya kila kifaa cha nyumba. Ilishika vizuri mpaka nilipobadilisha jina la mtandao, maana la zamani lilikuwa jina kamili la mama mwenye nyumba na hakulipenda. Simu hutengeneza anwani ya kubuni kwa kufuata jina la mtandao. Jina jipya, anwani mpya. Nyumba nzima ikajikuta nje, na mimi ndani ya idadi hiyo, ikabidi nichomeke laptopu kwa waya ili nirudi kwenye mipangilio. Isitoshe, anwani ya MAC hupita hewani bila kufichwa. Anayejua kusikiliza anainakili na kuivaa.

Kuficha jina la mtandao kulikuwa kubaya zaidi. Jina likifichwa, simu za wenyeji zinalazimika kuliita kwa sauti kila zinapokwenda, sokoni na kwenye daladala. Umeficha nini hapo?

Mama aliuliza kama twende polisi. Sheria ipo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Nikamwambia, "Mama, tungoje kidogo. Aliyepewa paswedi mkononi na mpangaji wako tutamshtaki kwa kuvunja mlango gani?" Akacheka, lakini suala la notisi hakulifuta.

Jumamosi, 15 Februari: ruta yenye OpenWrt

Ruta ya kampuni inakubali nywila moja kwa wote. Ilivyo moja, haina kumbukumbu ya nani kaitoa. Nilichohitaji ni mtandao wa jina moja wenye nywila nyingi, kila mlango na yake, na ruta iandike nywila ipi imetumika. OpenWrt, programu huria inayowekwa kwenye ruta badala ya ile ya kiwandani, inaweza.

Nimenunua TP-Link Archer C6 iliyotumika, Kariakoo, TSh 85,000. Kabla ya kutoa pesa geuza ruta usome lebo. Jina la modeli halitoshi, toleo la ndani ndilo linaloamua. Yangu ni v3. Matoleo mengine ya C6 yana bongo tofauti kabisa, na faili la toleo lisilo lake linaweza kuigeuza ruta kuwa tofali. Muuzaji atakuambia zote ni sawa, wewe soma lebo.

Kupakia OpenWrt (toleo 23.05) hakukuwa na shida: waya kutoka laptopu, ukurasa wa kusasisha, faili, subiri. Kilichokula muda ni kilichofuata. Nilipoichomeka nyuma ya kifaa cha kampuni, intaneti haikuja kabisa. OpenWrt huamka ikijiita 192.168.1.1, na kifaa cha kampuni nacho ni 192.168.1.1. Ruta haijui kama 192.168.1.1 ni yenyewe au ni jirani yake wa mbele. Badilisha yako iwe 192.168.10.1 kabla ya kuziunganisha, utaokoa jioni nzima. Na usishangae waifai haionekani, OpenWrt mpya huja ikiwa imezimwa.

Waifai ya kifaa cha kampuni nimeizima. Kifaa chenyewe kinabaki, maana ndicho kinachopokea faiba.

Jumapili, 23 Februari: nywila ya kila mlango

Kiini cha mradi mzima ni faili moja, lenye mstari mmoja kwa kila mlango:

`keyid=mama 00:00:00:00:00:00 nywila-ya-mama`
`keyid=chumba1 00:00:00:00:00:00 nywila-ya-chumba1`
`keyid=fremu1 00:00:00:00:00:00 nywila-ya-saluni`

Sifuri zote hizo maana yake ni kifaa chochote, tumeachana na habari za MAC. Kwenye mipangilio ya waifai (/etc/config/wireless) unaielekeza ruta kwa `option wpa_psk_file`. Simu ikijiunga, ruta inajaribu nywila moja baada ya nyingine mpaka ipate inayolingana, halafu inaandika (nimeukata mstari):

`phy1-ap0: AP-STA-CONNECTED d6:1f:... keyid=chumba4`

Ona d6 hapo: barakoa ileile. Lakini sasa haijalishi, maana mlango aliopitia umetajwa.

Njia hii inataka WPA2, aina ya ulinzi wa waifai iliyotangulia WPA3. Kwa WPA3 nywila inatakiwa ijulikane tangu mwanzo wa mazungumzo, ruta haina nafasi ya kujaribu moja moja. Kwa nyumba kama hii, najua ningepoteza nini kwa kuikosa WPA3, na bado nachagua nywila zenye majina.

Nywila nilizigawa kwa mkono na nikasema wazi: hii ni ya mlango wako, ikitembea tutaiona. Jamaa yangu mmoja aliniambia ningekaa kimya ili niwanase. Sikutaka. Hawa ni watu ninaochota nao maji bomba moja, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo sioni sababu ya kucheza nayo. Ninachoandika ni mlango, kifaa na wingi wa data. Tovuti mtu anayotembelea sitaki kuijua.

Jumatano, 5 Machi: umeme

Umeme ulikatika baada ya futari, ukarudi kama saa nne. Uliporudi, hakuna simu hata moja iliyojiunga. Watu wakaanza kugonga mlango.

Chanzo: nilikuwa nimeliacha faili la nywila kwenye /var/run, mahali ambapo OpenWrt yenyewe huliweka usipotaja pengine. Kwenye OpenWrt kila kilicho chini ya /var kiko kwenye kumbukumbu ya muda, kinafutika umeme ukizima. Lihamishie /etc, linakaa. Nikakuta pia kwamba mistari yote ya nani kajiunga imefutika kwa sababu hiyohiyo, na hesabu za data za nlbwmon, programu inayopima kila kifaa kimetumia kiasi gani, nazo zimeondoka.

C6 yangu haina tundu la USB, kwa hiyo siwezi kuchomeka flashi. Dawa ilikuwa laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Nimeweka Linux na rsyslog, programu ya kupokea na kuhifadhi kumbukumbu, na ruta inaitumia kila mstari kupitia `option log_ip`. Betri yake bado inashika.

Bado kulikuwa na tatizo la saa. Ruta haina betri ya saa, ikiwaka inaanza na tarehe ya nyuma mpaka ipate intaneti na kuuliza saa. Mistari ya dakika za mwanzo ikaonekana kama ya wiki iliyopita. Nimeiambia laptopu iandike saa yake yenyewe ya kupokea, isiiamini ruta. Na nimenunua UPS ndogo ya volti 12 ya kushikilia ruta na kifaa cha faiba, TSh 45,000.

Jumapili, 16 Machi: jibu

Hesabu ya anwani tofauti zilizojiunga kwa kila nywila, wiki nzima. Simu ikijiunga na mtandao uleule kwa kawaida hurudi na barakoa ileile, kwa hiyo anwani moja ni karibu sawa na simu moja.

Mama mwenye nyumba 4. Chumba cha kwanza 5. Mimi 3. Chumba cha tatu 6, wana watoto wakubwa. Duka 2. Chumba cha nne, yule haka wetu: 3. Saluni: 26.

Nilikwenda saluni mchana. Hapakuwa na siri yoyote. Kwenye kioo, katikati ya bei za kusuka na lipa namba, imebandikwa karatasi yenye msimbo wa QR.

"Dada, hii paswedi ndiyo niliyokupa?"

"Sasa kaka, mtu anakaa hapa saa sita anasukwa rasta, akose mtandao? Si atahamia saluni ya pili?"

Ana haki. Nisingekuwa na jibu hata kama ningelitafuta. Tatizo ni kwamba simu ikishaingia haisahau. Vijana wa kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya geti ndio wanaoleta na kuchukua wateja. Mmoja wao aliskani karatasi akisubiri, akawapa wenzake, na pale kijiweni mawimbi yanafika vizuri tu. Jioni saluni imefungwa, kijiwe kimejaa, intaneti yetu iko kwao.

Jioni ileile nilimpelekea mama hesabu nimeiandika kwenye karatasi. Aliisoma taratibu, akaikunja, akamtuma mtoto akamwite kijana wa chumba cha nne aje afuturu.

Jumamosi, 29 Machi: mtandao wa saluni

Nilikataa wazo la kumkatia dada. Ni siku za mwisho za Ramadhani, saluni imejaa watu wa hina na kusuka kwa ajili ya Idi, na mchango wake amelipa. Nimempa mtandao wa pili wenye jina la saluni, anwani zake pekee (192.168.20.x), hauoni vifaa vya ndani, na `isolate` imewashwa ili simu za wateja zisionane. Unazimika wenyewe saa tatu usiku. Nywila inabadilishwa kila Jumatatu, namchapia karatasi mpya ya kioo. Nywila ya fremu1 kwenye mtandao wa nyumba imefutwa.

Kasi nimeibana kwa sqm, kifurushi cha OpenWrt cha kudhibiti kasi: Mbps 4 za kupakua, 1 za kupandisha. Siku ya kwanza wateja walilalamika kwamba hata picha hazifunguki. Nilipopima, nikakuta kinyume: 1 za kupakua, 4 za kupandisha. Mifano ya sqm imeandikwa kwa upande unaotazama intaneti. Ukiiweka upande unaotazama wateja, kinachoshuka kwao ruta inakiona kama kinachotoka. Geuza namba.

Kwa watakaoiga: msiwashe `isolate` kwenye mtandao wa ndani bila kufikiri. Niliijaribu, mama akashindwa kurusha video kutoka simuni kwenda kwenye TV, nikairudisha.

Jumamosi, 12 Aprili: mlango wa nyuma, na gharama

Wiki hii fundi wa kampuni alikuja kurekebisha faiba iliyokatwa na wachimba mtaro. Katika kazi yake alikirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Waifai ya kifaa ikawaka upya, kwa jina na nywila ya kwenye lebo, lebo ambayo nusu ya mtaa walikwishaipiga picha zamani. Jioni simu za nje zilikuwa zimejaa humo, na kwa kuwa hazipiti kwenye ruta yangu, kumbukumbu zangu zilionyesha amani tupu. Niligundua kwa sababu tu simu yangu iliona jina la kwenye lebo hewani.

Nimekizima tena, na sasa kinakaa ndani ya sanduku la chuma lililotobolewa matundu ya joto, lenye kufuli. Chuma kinabana mawimbi, kwa hiyo hata kikiwashwa kwa bahati mbaya hakifiki mbali. Ufunguo anao mama. Fundi yeyote akiondoka, nawasha orodha ya waifai kwenye simu kabla hajafika barabarani.

Gharama: ruta 85,000, waya wa mita kumi 8,000, UPS 45,000, sanduku na fundi wa kuchomelea 20,000. Jumla TSh 158,000. Mama ametoa 74,000, milango mingine sita 14,000 kila mmoja. Laptopu ilikuwa bure.

Vipimo vya saa mbili usiku sasa vinacheza kati ya Mbps 14 na 17 chumbani kwangu. Januari saa hiyohiyo nilikuwa napata 2 nikibahatika.

Kilichobaki: ruta inaweza kuweka ukomo wa vifaa kwa mtandao mzima, lakini haiwezi kwa kila nywila. Kijana wa chumba cha nne anaandika skripti ndogo itakayosoma kumbukumbu kwenye laptopu na kunitumia ujumbe mlango wowote ukipita vifaa vinane. Toleo la kwanza lilimhesabu mama mara mbili kwa sababu simu yake ilijiunga kwa mawimbi ya 2.4 na ya 5. Likivuka mkatiko mmoja wa umeme bila kuchanganyikiwa, nitaliweka hapa.